Koilova kwenye Datsun 240Z: maswali wanayouliza sana wenye magari ya zamani Mombasa

Maswali haya nimeulizwa kwenye foleni ya feri Likoni, kwenye mabenchi ya gereji za Changamwe, na kwenye simu za usiku kutoka kwa watu ambao gari limeshapanda jeki na boliti imekatalia humo humo. Nimejibu kwa kutumia Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 70, kwa sababu ndilo gari ninaloliendesha na kulitengeneza mwenyewe. Ukiwa na gari jingine la michezo la miaka hiyo, soma tu, kisha malizia na sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Koilova ni nini hasa?

Ni shokabu na springi vilivyofungwa pamoja, springi imeizunguka shokabu, na mwili wa shokabu umechongwa uzi kama wa boliti. Kwenye uzi huo kuna kikalio cha springi, nacho ni nati pana, na chini yake nati ya pili ya kukibana kisisogee. Ukizungusha kikalio kwenda juu gari linainuka, ukikirudisha chini gari linalala.

Mtu atakwambia 240Z ina koilova tangu kiwandani, na kwa namna fulani ni kweli. Gari hili lina strati pembe zote nne, MacPherson mbele na Chapman nyuma, na strati ni mguu mmoja unaobeba shokabu, springi na habu ya gurudumu kwa pamoja. Lakini kikalio cha kiwandani kimechomelewa, hakisogei, na springi yake ni pana mno, inabanana na tairi. Koilova inatumia springi nyembamba yenye kipenyo cha ndani cha milimita 60 au 65. Ya namna hiyo unaipata kwa urefu na ugumu unaoutaka, na tairi linapata nafasi ya kupumua.

Si ni za kushushia gari?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Siku moja kijana alinisogelea kwenye foleni ya Likoni: "Shikamoo mzee. Hii ikilazwa kidogo si itapendeza zaidi?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Ikilazwa itapendeza ikiwa imesimama."

Koilova hukupa uwezo wa kuchagua urefu, ugumu wa springi na nguvu ya shokabu. Kulaza gari ni chaguo moja tu kati ya hayo, na kwa barabara zetu ndilo baya zaidi likipita kiasi. Gari hili lilipata jina Afrika Mashariki likiwa limeinuliwa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia kwa gari aina hiyo hiyo. Zitazame picha za magari yale: tumbo liko juu, na gurudumu lina nafasi ya kutosha kupanda na kushuka. Nafasi hiyo ndiyo mali. Karibu kila jibu kwenye ukurasa huu linarudi hapo, kwamba usiiuze nafasi ya gurudumu kwa sababu ya muonekano.

Nitajuaje kama nahitaji koilova au shokabu mpya tu?

Ikiwa gari linayumba baada ya tuta, linainama pua ukikanyaga breki, au shokabu inavuja mafuta, badilisha kwanza katriji za shokabu, yaani shokabu yenyewe inayochomekwa ndani ya bomba la strati, na bushi, zile raba za kwenye maungio. Wengi wanaishia hapo na wanafurahi. Koilova zina maana ukitaka kubadilisha ugumu wa springi, kuweka matairi mapana zaidi, au kusawazisha gari ambalo pembe moja imelala kwa uzee.

## Kuchagua

Springi za ugumu gani?

Ugumu hupimwa kwa kilo kwa milimita: springi ya kilo 4 inahitaji kilo 4 ili iingie milimita moja. Wauzaji wa Marekani na Uingereza hutumia paundi kwa inchi, basi gawanya kwa 56 upate kilo kwa milimita. Paundi 200 ni kilo 3.6 hivi.

Springi za kiwandani za 240Z ni laini, karibu kilo 1.5 mbele na 1.8 nyuma. Gari zima lina takriban kilo 1,050. Ukiondoa gurudumu, breki na habu, ambavyo springi haivibebi, kila pembe ya mbele inabaki na kilo 235 hivi kwa hesabu yangu. Sasa tazama springi inaingia kiasi gani gari likiwa limesimama tu. Ya kilo 1.5 inaingia milimita 157, ya kilo 4 inaingia 59, ya kilo 8 inaingia 29.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. Gurudumu likitumbukia kwenye shimo, springi inatakiwa inyooke na kulisukuma chini lishike barabara. Springi ya kilo 8 inamaliza kunyooka baada ya milimita 29. Shimo likiwa na kina kuliko hapo, gurudumu linaning'inia, springi inalegea kwenye kikalio, na gari linapotua unasikia mlio unaokupanda hadi kwenye meno. Ukitoka Mombasa kwenda Voi nyuma ya malori, au ukiingia njia ya vumbi ya kwenda ufukweni Kikambala, mashimo ya namna hiyo ni mengi kuliko lami safi.

Kwa gari la barabarani linalopita kwetu, mimi nashauri kilo 3 hadi 4 mbele, na nyuma nusu kilo zaidi. Langu lina 3.5 mbele na 4 nyuma. Ni zaidi ya mara mbili ya ugumu wa kiwandani, na kwenye kona za Nyali gari limetulia kabisa, lakini mama mkwe bado anakubali kupanda.

Nimepata seti ya Kijapani yenye springi za kilo 8 mbele na nyuma. Niichukue?

Kwa uwanja wa mbio wenye lami laini, sawa. Kwa Mombasa, ichukue tu ikiwa muuzaji atakubali kukubadilishia springi na kukuhakikishia kwamba shokabu zitaendana na springi laini. Shokabu iliyowekewa nguvu ya kuzuia springi ya kilo 8 ukiifungia springi ya kilo 3.5, gurudumu litarudi chini polepole mno. Matuta matatu mfululizo yatalifanya gari lizame hatua kwa hatua mpaka likalie raba za kuzuia zilizo mwisho wa fimbo ya shokabu.

Mirija miwili au mrija mmoja?

Shokabu ya mirija miwili ni ya bei nafuu, inastahimili kugongwa na jiwe kwa nje, na huwa laini zaidi kwenye mitikisiko midogo. Ya mrija mmoja yenye gesi ya naitrojeni hupoza joto vizuri zaidi na haiwi legevu baada ya mwendo mrefu wa barabara mbovu. Ila mrija wake ukipata bonde, ndani huwa kazi imekwisha. Kwa matumizi ya mjini na safari za Kilifi au Malindi, ya mirija miwili yenye ubora inatosha. Ukishiriki mashindano, chagua ya mrija mmoja.

Kitufe cha shokabu chenye mibofyo 32 ya kurekebisha nguvu yake kina faida?

Kidogo. Utakizungusha wiki ya kwanza, kisha utakiacha. Afadhali pesa hiyo iende kwenye shokabu yenye mibofyo michache lakini ambayo kila mmoja unausikia.

Kuna seti za kuchomelea na za kufunga kwa boliti. Zina tofauti gani?

Kwenye magari mengi ya leo strati hufungwa kwenye habu kwa boliti mbili, ukizifungua inatoka. Kwenye 240Z bomba la strati na habu ni kitu kimoja. Kwa hiyo hata seti inayouzwa kwa jina la "kufunga kwa boliti", mara nyingi utalazimika kulikata bomba la zamani na kuchomelea kitako kipya, kisha koilova ndiyo inafungwa kwa boliti kwenye kitako hicho. Muulize muuzaji wazi: "Nitakata wapi, na nitachomelea nini?" Akishindwa kukujibu, hajui anachouza.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo niipendayo: unakata kikalio cha zamani tu, unaacha bomba, unavisha pete yenye uzi juu yake, na ndani unaweka katriji nzuri ya shokabu. Ni rahisi, na ikiharibika unabadilisha katriji peke yake.

Niagize ng'ambo au ninunue hapa?

Koilova za gari hili hutazipata kwenye kabati la duka la kawaida, kwa hiyo wengi huagiza. Hesabu mapema gharama ya meli au ndege, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16. Mzigo wa koilova nne ni mzito, na kwenye ndege uzito huo unalia. Vitu vidogo, yaani raba, washa, nati za kujikaza na hata bushi, nunua hapa hapa, ila leta ya zamani mkononi ulinganishe. Usinunue shokabu yoyote yenye uzi uliopakwa rangi ya kung'aa isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya springi iliyochapwa kwenye chuma.

## Kabla ya kukata chochote

Nianze wapi kuangalia kutu?

Hapa kwetu kutu ndiyo swali la kwanza, hata kabla ya bei. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya karakana, na chuma cha miaka ya 70 hakikuwa na kinga kama cha leo.

Fungua boneti utazame minara ya strati, pale juu ambapo strati inashika mwili kwa boliti tatu. Kwaruza rangi kwa ncha ya bisibisi kuzunguka boliti zote. Chini ya betri ni pabaya kuliko kwingine, kwa sababu asidi na chumvi zimekutana hapo kwa miaka. Halafu lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge pole pole mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti butu kama ya boga, na vumbi la hudhurungi linakuangukia usoni, kwa hiyo vaa miwani.

Springi ngumu zaidi zinasukuma mwili kwa nguvu zaidi. Mnara uliooza, uliokuwa ukivumilia springi ya kilo 1.5, utapasuka kwa springi ya kilo 4. Ukikuta kutu, pesa ya koilova iende kwanza kwa fundi wa bodi. Nimewahi kumwambia hivyo rafiki yangu wa karibu na akanuna wiki mbili, lakini gari lake bado lipo.

Bushi nazo nibadilishe?

Ndiyo, maana umeshafungua. Raba ya kawaida kwa gari la barabarani, poliyurethani, yaani plastiki ngumu, ukipenda usukani mkali zaidi na unavumilia kelele. Kuhusu wakati wa kuzikaza, tazama swali lake katika sehemu inayofuata, ni muhimu mno.

## Kufunga

Kazi inachukua muda gani?

Kwenye kitabu, siku mbili. Pwani, tenga wiki. Mbele ni mchezo wa asubuhi moja. Nyuma kuna pini, nayo ina swali lake hapa chini.

Pini ndefu ya nyuma imeganda. Nifanyeje?

Karibu kwenye chama. Nyuma ya 240Z, habu inashikana na mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na mwili wa gari, kwa pini moja ndefu inayopita katikati ya bushi mbili. Katikati yake kuna kipini kidogo cha kufungia, chenye mkato wa mshazari, ambacho ni lazima kitoke kwanza. Wengi hawakioni, wanaanza kugonga pini ndefu, na hapo ndipo mkasa unapoanza.

Ya gari langu ilinichukua siku tano. Nilitoa kipini cha kufungia, nikapaka mafuta ya kupenyeza pande zote mbili asubuhi na jioni kwa siku tatu. Siku ya nne nikaipasha moto habu, si pini, mpaka mafuta yakaanza kufuka moshi, nikaacha ipoe, nikapaka tena. Siku ya tano nilichukua kipande cha bomba nene la chuma chenye nafasi ya kuimeza pini, washa nene juu yake, fimbo yenye uzi na nati, nikavuta badala ya kugonga. Robo mzunguko, pumzika. Robo, pumzika. Ghafla ikalia *ta!* kama kuni kavu ikipasuka, nikadhani nimeikata. Kumbe imeachia. Ilitoka taratibu, imefunikwa unga wa kutu wa rangi ya chai ya rangi, na katikati ilikuwa imelika mpaka ukucha wangu ulikwama kwenye shimo.

Kwa hiyo: usigonge ncha zake, maana uzi unafumuka kama uyoga na baada ya hapo haipiti tena popote. Ukilazimika kugonga, acha nati ikiwa imefungwa kwenye uzi ili nati ndiyo iumie. Ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno pande zote mbili kati ya bushi na habu, kisha nunua pini mpya. Agiza pini mbili mpya kabla hujaanza kazi, hata kama unaamini za kwako ni nzima. Unapozirudisha, zipake grisi ya shaba urefu wote.

Bomba la strati likatwe kiasi gani?

Kadiri unavyotaka kulaza gari, wala si zaidi, na shokabu iwe fupi kwa kipimo hicho hicho. Sababu ni hii: ukilaza gari milimita 40 kwa kushusha kikalio peke yake, fimbo ya shokabu imeshaingia ndani milimita 40 kabla hujagusa barabara. Nafasi hiyo umeipoteza. Ukilifupisha bomba milimita 40 na kuweka katriji fupi, gari linalala lakini fimbo inabaki katikati ya safari yake.

Mimi sikulaza zaidi ya milimita 20, basi sikukata bomba kabisa. Ukiishia kipimo hicho, nawe hutahitaji.

Kuna hatari gani kwenye kuchomelea?

Kubwa. Bomba la strati la zamani lilikuwa limejaa mafuta ya shokabu. Toa katriji, mwaga mafuta, safisha ndani mpaka kitambaa kitoke kikavu, na usichomelee bomba lililozibwa juu. Strati iwe imetoka kwenye gari kabisa. Fundi aweke nukta nne kwanza, apime unyoofu, ndipo ajaze kidogo kidogo kwa kuzunguka. Akijaza upande mmoja kwa pupa, bomba linapinda na gurudumu halitakaa sawa tena. Hii ni kazi ya mtu anayechomelea vyuma vinavyobeba uzito kila siku. Fundi wa mageti anaweza kuwa hodari kwa mageti, lakini usimpe strati.

Na springi ya zamani usiifungue nati ya juu kabla ya kuibana kwa vibano viwili vya springi vilivyokaa pande tofauti. Springi iliyobanwa ikiachia inaweza kuua mtu.

Ndani ya bomba, pembeni ya katriji, naacha patupu?

Hapana. Mimina mafuta kidogo ya injini kabla ya kuingiza katriji, kiasi cha kujaza upenyo bila kufurika nati ikifungwa. Yanahamisha joto kutoka kwenye katriji hadi kwenye bomba, na bomba linapozwa na upepo. Kwa joto letu la kaskazi jambo hili dogo linaongeza umri wa shokabu.

Bushi zikazwe lini?

Gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake yote, kwenye urefu wake wa mwisho. Raba ya bushi haizunguki, inajipinda. Ukiikaza magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, kila siku gari likiwa chini raba inaishi imesokotwa.

Nalisema hili kwa uchungu. Gereji moja, ambayo siitaji, ilinikazia bushi zote mpya gari likiwa juu ya jeki. Baada ya miezi minne zote zilikuwa zimechanika, na nilipolalamika nikaambiwa raba za siku hizi ni mbovu. Raba zilikuwa nzima. Mkono uliozikaza ndio uliokosea. Tangu hapo nakaza mwenyewe, gari likiwa limepanda mbao nne nene ili niweze kuingia chini.

## Kupima na kurekebisha

Gari likae urefu gani?

Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bawa juu yake, si kutoka chini, maana upepo wa tairi hudanganya. Andika vipimo vyote vinne kabla ya kufungua chochote.

Weka uzito wa dereva unapopima. Mimi natumia magunia matatu ya mchele ya kilo 25, mawili kwenye kiti cha kulia na moja miguuni, tanki la mafuta likiwa nusu. Sukuma gari mbele na nyuma mita kadhaa baada ya kila badiliko ili magurudumu yakae, ndipo upime. Nyuma iwe juu ya mbele kwa milimita 5 hadi 10.

Kipimo changu cha mwisho ni bomba la moshi. Likiwa chini ya milimita 130 kutoka ardhini, matuta ya Bamburi na Mtwapa yatalikwangua.

Nitapanda feri ya Likoni bila kukwangua?

Inategemea maji. Maji yakijaa, njia ya kuingilia inakaribia kuwa sawa na sitaha na hata gari lililolala linapita. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mteremko unakuwa mkali na pale kwenye ukingo wa mlango wa feri ndipo pua au bomba la moshi linapogusa. Nenda polepole kabisa, abiria washuke kwanza, na usikanyage breki ghafla ukiwa kwenye mteremko kwa sababu pua inazama zaidi. Ukiwa na shaka, subiri maji au zunguka kwa Dongo Kundu.

Baada ya kulilaza, gari linajigeuza lenyewe kwenye matuta. Kwa nini?

Mkono wa chini na taerodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, vinatakiwa vipande na kushuka kwa pamoja kama mabawa mawili ya ndege. Ukilaza gari, mkono wa chini unaelekea juu kwa nje, na taerodi haifuati tena njia ile ile. Gurudumu likipanda tuta linavutwa ndani au linasukumwa nje bila wewe kugusa usukani.

Dawa yake ni spesa inayowekwa kati ya mwisho wa chini wa strati na kile kipande kinachoshika taerodi. Inarudisha mkono na taerodi kwenye mlalo wao. Zinauzwa kwa jozi. Dawa nyingine, ya bure, ni kuliinua gari.

Niweke alaimenti vipi?

240Z haina marekebisho ya kemba (gurudumu kuinama ndani au nje) wala kasta (strati kulala mbele au nyuma) kutoka kiwandani, kwa hiyo utahitaji sahani za juu zinazosogea au bushi za mkono wa chini zisizo sawa katikati. Mwambie mwenye mashine asikuwekee namba za kwenye kompyuta yake. Mimi natumia kemba ya nyuzi hasi 1 mbele na nyuma, kasta ya nyuzi 4, na too ya ndani (ncha za mbele za magurudumu kuelekeana) milimita 2 mbele. Ukiwa na matairi ya bei, usizidishe kemba ya hasi 1.5 kwa gari la kila siku, yanalika upande wa ndani. Rudi baada ya kilomita 500 upimwe tena, maana springi mpya hujikalisha.

## Chumvi, kelele na matunzo

Uzi hautaganda kwa chumvi?

Utaganda usipouangalia, hasa ikiwa pete ni ya alumini juu ya bomba la chuma. Vyuma viwili vya namna tofauti vikikutana na maji ya chumvi, kimoja kinamla mwenzake, na unga mweupe unajaa kwenye uzi. Paka grisi ya shaba kabla ya kufunga, visha kila koilova soksi ya kitambaa kisichopitisha maji, na kila baada ya miezi mitatu legeza nati, zungusha kikalio mzunguko mmoja juu na mmoja chini, kisha rudisha pale pale. Weka alama ya rangi ili usipoteze kipimo.

Ukitoka kwenye feri siku ya mawimbi, au ukiegesha karibu na ufukwe, suuza kwa maji ya bomba yasiyo na presha kubwa. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye sili ya fimbo inasukuma mchanga ndani.

Kuna sauti ya tok-tok mbele. Shokabu zimekufa?

Aghalabu hapana. Angalia kwanza nati ya juu ya fimbo, kisha sahani ya juu, kisha kama springi imelegea gari likiinuliwa. Ikilegea, ni ile hesabu ya springi ngumu niliyoieleza juu, na springi ndogo ya kusaidia itaiziba nafasi. Mara moja ilikuwa nati kubwa ya juu ya bomba, imekazwa kwa mkono tu na kusahaulika, na katriji nzima ilikuwa inacheza ndani.

## Magari mengine na hali za pekee

Nina Escort, MGB au 911. Haya yananihusu?

Escort ya Mk1 na Mk2 ina strati mbele, kwa hiyo mbele yanakuhusu yote. Nyuma ina springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa juu ya kila kimoja. MGB nayo ina mabamba nyuma, na mbele shokabu yake ya mkono ndiyo yenyewe mkono wa juu. Porsche 911 ya zamani, mpaka mwaka 1989, ilibebwa na toshenibaa, fimbo za chuma zinazojipinda, na haikuwa na springi za kuzunguka.

Kwa magari hayo kuna onyo moja. Pale shokabu ya nyuma inapofungwa juu, kiwanda kilipajenga kwa nguvu ya shokabu tu, wala si kwa uzito wa gari. Ukiondoa mabamba au toshenibaa na kuweka koilova, uzito wote wa nyuma unahamia kwenye boliti ile. Paimarishe kwa chuma kabla, au acha mfumo wa zamani na uweke shokabu bora.

Bima na ukaguzi je?

Iambie kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla ya kuanza kuendesha, na uliza ofisi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuhusu mabadiliko unayofanya. Hifadhi risiti, picha za kazi ya kuchomelea na vipimo vya alaimenti. Siku ya ajali, bahasha hiyo ina thamani kuliko koilova zenyewe.

Strati za kiwandani nizitupe?

Usizitupe. Ukishakata bomba hulirudishi, na anayenunua 240Z kwa bei nzuri huuliza kama vipuri vyake vya asili vipo. Ikiwezekana tafuta seti nyingine chakavu, ukate hiyo, na za gari lako uziache nzima. Zangu nimezisafisha, nikazipaka grisi nyingi, nikazivingirisha kwenye gunia na kuzitundika juu ya darini, mbali na sakafu. Kila mwisho wa kusi nazishusha na kuzipaka upya.